Zamu ya Kuazima

Sajini alirudi nyumbani na pamba mdomoni, akakuta watu wanamlilia.

Uwanja wote ulikuwa umejaa. Mama yake alikuwa ameketi chini, miguu ameinyosha, akimwita kwa jina lake la utotoni. Wanaume walisimama ukutani mikono nyuma, kama ilivyo kawaida ya wanaume penye msiba, hawajui waiweke wapi. Jirani wa chumba cha mwisho ndiye aliyemwona wa kwanza. Alikuwa amebeba sufuria ya chai. Ikamponyoka, chai ikawarukia watu, na kwa kitambo kilio kikageuka vurugu ya walioungua. Sajini alitaka kusema "Ni mimi," lakini ganzi ya daktari wa meno ilikuwa bado imeukamata ulimi, ikatoka sauti ambayo hata yeye hakuitambua. Watoto wakatimua mbio.

Hakuwa sajini wa jeshi lolote. Alikuwa mlinzi wa lango la ubalozi, ameajiriwa na kampuni ya ulinzi. Ujanani alijaribu kuingia jeshini, jeshi likamkataa, naye akakataa kukataliwa: akawa anampigia saluti kila anayepita, hata mbuzi wa jirani. Mtaa ukampa cheo ambacho serikali ilimnyima.

Asubuhi hiyo gari lilikuwa limevunja lango la ubalozi na kulipuka, na watu waliolifuata nyuma wakaingia wakimimina risasi. Waliuawa wageni wa mle ndani, wakauawa na wenyeji waliokuwa kwenye foleni ya viza na bahasha zao mikononi. Redio ilitaja majina ya waliotambuliwa upesi, na la Sajini lilikuwemo, kwa sababu maiti moja ya pale langoni ilikuwa imevaa koti lenye jina lake kifuani.

Mtu mmoja tu hakulia, naye alikuwa mkewe. Mtaa ulimwita Fundi kwa ajili ya cherehani yake iliyokaa kibarazani jua na mvua. Alikuwa amewaambia mapema kwamba mumewe hakwenda kazini leo, wakamshika mabega wakasema uchungu ndio unaomsemesha. Basi akanyamaza, akakaa kwenye kigoda chake, na waliokuja kulia wakaanza kunong'onezana kwamba mwanamke huyu ana moyo wa jiwe. Sajini alipoingia, Fundi aliinuka, akamwendea, akambonyeza shavu lililovimba. Sajini akapiga yowe.

"Ni yeye," Fundi aliwaambia. "Futeni machozi."

Shangwe ikalipuka. Mama mtu alimkumbatia mwanawe miguu, akagoma kumwachia. Lakini Fundi hakushangilia, kama vile hakulia. Macho yake yalikuwa ndani ya chumba, kwenye msumari nyuma ya mlango, palipoangikwa koti jingine la ulinzi, dogo, zipu imekatika. Lilikuwa la Kiberiti, mlinzi mwenzake Sajini.

Na mke wa Kiberiti alikuwa ndio kwanza anaingia uani. Alikuwa ametoka kule kwenye kamba za polisi, ambako askari alimwambia kwamba jina la mumewe halimo miongoni mwa waliokuwa zamu, na kwamba aliyekufa langoni ni Sajini. Pengine Sajini alikwenda mwenyewe, aliwaza, pengine walimrudisha mume wangu njiani. Akaja kumpa Fundi pole. Njia nzima alimshukuru Mungu kimoyomoyo, na kujionea haya kwa kushukuru. Sasa alimwona Sajini amesimama katikati ya watu, shavu limefura, anashikwa huku na kule kama bwana harusi. Akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akakaa chini pale pale alipokuwa, bila kutafuta kivuli.

Ukitaka kujua mtu ni wa namna gani, tazama anaazimwa mara ngapi. Kiberiti ni kitu ambacho kila jirani huazima na hakuna anayekumbuka kurudisha, na ndivyo yule bwana mfupi, mwembamba, alivyopata jina. Unahama? Mwite Kiberiti akubebee kitanda. Huna wa kukukalia kwenye foleni? Kiberiti yupo. Alikuwa mlinzi wa lango lile lile, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema hapana.

Kampuni yao ilikataza walinzi kubadilishana zamu, nao walibadilishana kila walipotaka. Njia ilikuwa nyepesi. Msimamizi wao, wakati wa kuita majina asubuhi, alisoma vifua, hakusoma nyuso. Aliyevaa koti lako ndiye wewe. Mkishaelewana, unampa mwenzako koti, yeye anakuwa wewe mpaka jioni, na siku yako ikifika unamrudishia fadhila kwa kuwa yeye. Walitaniana sana kwa jambo hilo. "Leo nimekuwa wewe," mmoja angesema, "ndiyo maana miguu inaninuka."

Jino la Sajini lilikuwa limemnyima usingizi, na mkewe ndiye aliyechoka kuusikiliza ugonjwa ule. Sajini mwenyewe aliogopa koleo la daktari kuliko maumivu, akawa anatafuta visingizio: kazi, zamu, msimamizi. Fundi akamkata maneno. Alikwenda bombani na ndoo yake, akamkuta mke wa Kiberiti peke yake anasubiri ndoo ijae.

"Mwenzangu, mwambie mumeo amshikie Sajini zamu ya kesho. Jino la mtu mmoja linatuua nyumba nzima."

"Na koti lake si liko kwako, zipu imekatika?"

"Avae la Sajini. Akunje mikono."

Mke wa Kiberiti akacheka. "Huyo hata umvalishe hema ataenda. Kukataa alifundishwa na nani?"

Yalikuwa maneno ya bombani, ya kusemwa na kusahauliwa. Kiberiti alipita jioni akalichukua koti, akajipima mbele ya Fundi, mikono ikamfunika vidole, wakacheka wote watatu, Sajini akicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Kabla maiti hazijatambuliwa zote, wakubwa walikuwa wameshaanza kugombana juu yazo.

Wapinzani waliuliza bungeni: polisi wa kizuizi cha mwisho wa barabara ile walikuwa wapi? Kila mkazi wa karibu aliijua habari hiyo. Walichukuliwa alfajiri kwenda kusindikiza msafara wa waziri aliyekuwa anakwenda kukata utepe. Waziri naye akajibu kwamba tatizo halikuwa barabarani, tatizo lilikuwa nyoka aliyefugwa ndani ya nyumba. Nchi yenye ubalozi wake ikaleta wapelelezi wenye miwani myeusi, ikataka jibu, na ililitaka upesi. Serikali iliyobanwa ni kama mteja aliyekumbuka harusi dakika ya mwisho: anataka nguo leo, imkae mtu isimkae.

Wakapata wa kumshonea. Ilipogundulika kwamba maiti yenye koti la Sajini si ya Sajini, redio ilitangaza kwamba mtu anayejulikana kwa jina la Kiberiti alijipenyeza langoni kwa kuvaa koti la mlinzi mwenzake. Mtangazaji alilivuta jina hilo mdomoni kwa utamu. Kiberiti! Ni nani anapewa jina kama hilo bure? Na mtaani, watu waliokuwa wakimwazima kila siku walianza kukumbuka mambo. Mmoja alikumbuka kwamba marehemu alikuwa mkimya mno. Mwingine akakumbuka kwamba alikuwa msemaji mno. Jirani wa chumba cha mwisho alikumbuka kwamba alimbebea kitanda bila kutaka chochote, akauliza wenzake, kuna mtu mzima anayebeba kitanda bure?

Kwa Fundi pia upepo ulibadilika. Wateja walikuja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijashonwa, kila mmoja na uongo wake. Mmoja alisema harusi imeahirishwa. Mwingine hakujisumbua hata kutunga, alinyoosha mkono tu. Fundi aliwapa, akawafungia vizuri, akawaambia karibuni tena.

Kisha akaja mheshimiwa wa upinzani na kamera zake. Alikaa kwenye kigoda cha Fundi bila kukaribishwa, akamshika Sajini bega.

"Ndugu yangu, wewe ni shahidi wa taifa. Waambie wananchi. Polisi walikuwepo pale au hawakuwepo?"

"Mheshimiwa, mimi siku ile nilikuwa nang'olewa jino."

"Naelewa. Lakini siku zote huwa unawaona?"

"Siku zote wapo."

"Na siku ile watu wanasema hawakuwepo."

"Watu wanasema."

"Basi inatosha," alisema mheshimiwa, akainuka, akajifuta suruali. Fundi alimkimbilia hadi kwenye gari lake.

"Mheshimiwa, na Kiberiti? Wanamsingizia. Mkewe hata maiti hajapewa."

"Tutalifuatilia, mama." Alikuwa tayari anapandisha kioo.

Jioni redio ikasema kwamba mlinzi wa ubalozi amethibitisha polisi waliondolewa. Sajini aliposikia, alikaa kitandani, akavua viatu, akavivaa tena. "Nimekwisha," alisema. Asubuhi gari lisilo na namba likasimama mbele ya cherehani.

Mpelelezi hakuwa mtu wa makelele. Alimpa Sajini kiti chenye mto, akamletea maji, akauliza habari za jino.

"Linaendelea vizuri, afande."

"Afadhali. Mtu akiumwa na jino hawezi kufikiri. Na mimi nataka ufikiri." Alisogeza karatasi. "Ulimwambia mheshimiwa kwamba polisi waliondolewa."

"Sikusema hivyo, afande, haki ya Mungu. Yeye ndiye aliyesema, mimi nikaitikia."

"Basi tusiongee siasa. Mimi siasa huniumiza kichwa. Nina swali moja tu. Wewe na marehemu mlibadilishana zamu. Palipo na kubadilishana kuna aliyeomba na aliyeombwa. Aliyeomba alikuwa na sababu zake. Aliyeombwa hakujua lolote, alisaidia tu. Wewe ulikuwa yupi?"

Sajini hakuwa mjinga. Aliona vizuri kwamba mbele yake kuna milango miwili, na kwamba mmoja hautokei nje. Angesema, "Mimi ndiye niliyeomba, jino lilikuwa linauma," angeulizwa kwa nini jino liume siku hiyo na si siku nyingine, na mtu anajibuje swali kama hilo? Kulikuwa na jibu la tatu, nalo ndilo lililokuwa la kweli tupu, lakini jibu hilo lilikuwa na sura ya mkewe amebeba ndoo. Akamwona Fundi amekaa kwenye kiti kile chenye mto.

"Huna haraka," alisema mpelelezi. "Kunywa maji."

"Yeye," alisema Sajini.

"Yeye nini?"

"Yeye ndiye aliyeomba."

Mpelelezi hakutabasamu wala hakumpongeza. Aliandika, akageuza karatasi, akaonyesha pa kutia sahihi. "Umeona? Neno lenyewe dogo tu." Akamfungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Sajini alirudi kabla jua halijazama, na kwapani alikuwa na koti jipya la kampuni, bado limo kwenye nailoni yake. Mama yake alimpokea kwa machozi ya pili. Alikula, akanywa maji mengi, akalitandaza koti juu ya cherehani ya mkewe.

"Nimerudishwa kazini. Nishonee jina."

Fundi hakuligusa. "Umewaambia nini?"

"Walichotaka."

"Walitaka nini?"

"Fundi, niache nipumzike."

"Kiberiti ndiye aliyeomba zamu. Ndivyo ulivyosema?"

Sajini alitazama mlangoni, kisha akateremsha sauti. "Marehemu hafungwi. Marehemu hapigwi. Hakuna kitu watakachomfanya tena. Mimi wangenifanya."

"Na mkewe?"

"Mkewe hajui kitu, watamwacha."

"Anajua. Aliyeombwa bombani ni yeye. Na aliyeomba ni mimi, wala si wewe."

"Ndiyo maana nikasema vile!" Sajini alisimama, kigoda kikaanguka. "Ulitaka nikutaje wewe? Niambie basi. Ulitaka niseme ni mke wangu, mkamateni? Sema!"

Fundi alikiinua kigoda. Aliona aibu iliyomchoma hadi masikioni, kwa sababu moyo wake, aliposikia kwamba hakutajwa, ulikuwa umefurahi. Haukufurahi kwa muda mrefu, lakini ulifurahi, na yeye aliusikia.

"Mwanangu amerudi kutoka kaburini mara mbili," mama mkwe alisema kutoka kitandani kwake. "Wewe mke unataka nini tena? Yaliyozikwa hayafukuliwi."

"Kiberiti hata kuzikwa hajazikwa, mama."

"Basi muombee. Lakini chunga mdomo wako. Mdomo uliponza kichwa."

Hapakuwa na mtu mbaya katika chumba kile, na hilo ndilo lililomwuma Fundi zaidi. Alilitoa koti jipya juu ya cherehani, akaliweka kando. Akaliangua lile dogo kutoka msumarini, akafumua zipu iliyokatika, akatia mpya, akaishona mara mbili ili isimsumbue mtu tena. Sajini alimtazama wakati wote huo. Hakuthubutu kuuliza ni ya nini.

Kulipopambazuka Fundi alilikunja koti, akaenda nalo.

Chumba cha mke wa Kiberiti kilikuwa kimeandikwa ukutani kwa mkaa: GAIDI. Mwandishi alikosea mara ya kwanza, akafuta kwa kiganja, akaandika upya kwa herufi kubwa zaidi. Mwenye nyumba alikuwa ameshatoa kitanda na meza nje. Alisema hana ubaya na mtu, ila anaogopa nyumba yake itachomwa. Mke wa Kiberiti alikuwa ndani, anakunja nguo za mumewe na kuzipanga kwenye shuka.

"Ingia," alisema. "Wewe ndiye wa kwanza kuingia. Bombani wananiwekea nafasi kubwa, utadhani nina upele."

"Maiti je?"

"Wamesema maiti ya mshukiwa ni ya serikali. Nikawauliza, serikali itaililia?" Akaona koti mikononi mwa Fundi. "Umelitengeneza."

"Zipu mpya."

"Angefurahi. Alikuwa anasema wewe mkono wako haufumuki." Aliketi sakafuni, akamvuta Fundi akae karibu naye, akanong'ona. "Sikiliza. Wamenihoji. Wameniuliza tena na tena, nani alikuja kuomba zamu. Yule mpole, yule anayeleta maji. Akaniambia nikimtaja aliyeomba, nitapewa mume wangu nimzike. Nikamwambia sikumbuki."

Fundi alilikunja lile koti upya.

"Wewe una mume wa kulinda," mwenzake aliendelea, "mimi sina tena. Tukiangamia wote itasaidia nini? Basi usihangaike. Mimi kinywa changu nimekifunga. Wakija kwenu, semeni jino, semeni hamjui, lolote. Kutoka kwangu hawatalipata."

"Mwenzangu," Fundi alianza. "Kuna jambo."

Lakini redio ya dukani, ng'ambo ya njia, ilimtangulia. Mwenye duka aliipandisha sauti kama alivyofanya kila taarifa ya habari ilipofika siku zile. Serikali imepata ushahidi mpya, ilisema. Mlinzi aliyenusurika amekiri kwa hiari yake kwamba marehemu ndiye aliyemwomba, tena kwa kumsisitiza, ampishe katika zamu ya siku ile. Waziri amesema hilo linafunga mjadala kuhusu polisi. Kisha ukapigwa muziki.

Mke wa Kiberiti alibaki ameshika shati la mumewe kwa mabega.

"Mlinzi gani huyo?" aliuliza, ingawa alijua, na Fundi alijua kwamba anajua.

"Aliogopa," Fundi alisema. "Aliogopa wasije wakanichukua mimi."

"Aha."

"Mwenzangu, mimi nilikuwa nimekuja kukuambia."

Yule hakupiga kelele. Fundi angeomba apige kelele, arushe kitu, amtemee mate. Alimaliza kulikunja shati, akalilaza juu ya mengine, akalinyoosha kola.

"Koti liache hapo," alisema. "Na utoke polepole. Watu wasijue kwamba tumegombana, watataka kujua sababu."

Hata sasa alikuwa anawalinda. Fundi alitoka akiwa haoni vizuri anapokanyaga.

Sajini alikuwa kibarazani, amelivaa koti jipya ambalo kifua chake kilikuwa kitupu, anasubiri. Alipouona uso wa mkewe alijua, akakaa kwenye kigoda.

"Nakwenda kusema," Fundi alimwambia.

"Watanichukua."

"Watatuchukua. Twende pamoja basi."

"Siwezi." Alisema kama mtoto, kweli tupu. "Fundi, siwezi. Kile kiti hukijui."

Fundi alimwonea huruma. Alikuwa mume wake, hakuwahi kumnyanyasa, na uoga wake aliujua tangu siku ya kwanza alipomwona akimpigia mbuzi saluti. Alimgusa shavu, lile lililokuwa limepona, akapita. Sajini hakumzuia, wala hakumfuata.

Fundi hakwenda kwa mpelelezi moja kwa moja. Alipita bombani kwanza. Wanawake walikuwa wamejipanga na ndoo zao, mazungumzo yamepamba moto juu ya taarifa ya asubuhi. Walimpisha, maana sasa mumewe alikuwa upande salama, na mtu wa upande salama hupishwa.

"Sitaki maji," Fundi alisema. "Nataka mnisikilize. Kiberiti hakuomba zamu. Niliomba mimi. Nilisimama hapa hapa, kwenye jiwe hili, nikamwambia mkewe, kwa sababu Sajini alikuwa anaumwa na jino na mimi nilikuwa nimechoka kumsikiliza. Hakuna kingine. Mtu alikwenda kutusaidia akafa. Sasa nakwenda kwa mpelelezi kusema hivyo hivyo."

Mmoja alifunga bomba.

"Nyamaza, Fundi," mwingine alisema. "Kuta zina masikio."

"Ndiyo maana nasema kwa sauti. Zisikie vizuri."

Alipoondoka alisikia bomba bado limefungwa.

Mpelelezi alimpa kiti chenye mto na glasi ya maji. Fundi aliisogeza glasi mbali. Alisema aliyokuja kusema, kwa mpangilio, kama mtu anayemweleza mteja kwa nini suruali imebana. Mpelelezi alisikiliza, kalamu mkononi, na hakuandika hata neno.

"Dada," alisema mpelelezi, Fundi alipomaliza, "faili hili limefungwa."

"Lifungue."

"Unajua unachokisema? Unasema mumeo ametia sahihi uongo mbele ya serikali."

"Ametia. Aliogopa. Mimi pia niliogopa, ndiyo maana nimekawia."

"Na kama marehemu hakuomba, basi hakuwa na nia mbaya. Na kama hakuwa na nia mbaya, watu wataanza tena kuuliza ya barabarani. Habari za kizuizi. Habari za msafara." Alisema kwa upole, kama anayemsikitikia. "Yote hayo kwa ajili ya jino?"

"Lilikuwa ni jino tu, afande. Mnataka liwe nini?"

Mpelelezi alifunika kalamu kwa kifuniko chake. Aliinuka, akaenda kwenye mlango, akaufunga kwa ufunguo, akautia ufunguo mfukoni. Fundi alikumbuka kwamba ameacha sindano ya cherehani imezama kwenye kitambaa, na kwamba kitambaa kikikaa hivyo hushika kutu.

"Hebu niambie," mpelelezi alisema, na sauti yake ilikuwa laini kuliko mwanzo. "Nani mwingine anajua kwamba umekuja hapa?"

Fundi aliviweka viganja vyake magotini.

"Bomba zima," alisema.

Mpelelezi alimtazama. Kisha akasogea dirishani, kwanza kwa kupuuza tu, halafu akasimama wima. Ng'ambo ya barabara, karibu na ukuta, walikuwa wamesimama wanawake na ndoo tupu, si wengi, wengine wakiwa bado wanatazama nyuma kama watu wanaofikiria kurudi nyumbani. Mbele yao alikuwa mmoja asiye na ndoo. Alikuwa amevaa koti la ulinzi lililomkaa vizuri, zipu ameivuta mpaka shingoni, na jina la mumewe kifuani lilisomeka mpaka pale dirishani.

Mpelelezi akalisoma. Kisha akashusha pazia.